Mnyororo wa pedali: jinsi vifaa vya gitaa la umeme vinavyoathiriana

0. Utangulizi

Kila mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili anajua kwamba viambishi vya kitenzi havipangwi ovyo. Kutokana na mzizi -pig- tunapata piganisha, yaani kuwafanya watu wapigane. Tukibadili mpangilio wa viambishi hivyohivyo tunapata pigishana, yaani kila mmoja kumfanya mwenzake apige. Viambishi ni vilevile, lakini maana si ileile. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pedali za gitaa la umeme zina tabia inayofanana na hiyo: kazi ya kila moja hutegemea iliyoitangulia, inayoifuata, na amplifaya inayopokea yote.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Mwaka 1952, Hugh Tracey alipomrekodi Jean-Bosco Mwenda akipiga «Masanga» huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mpigaji aliiunda sauti yake kwa vidole, nyuzi na mbao tu. Mpigaji wa gitaa la umeme huiunda pia kwa vifaa vilivyo miguuni pake. Asipoelewa uhusiano wao, atatumia fedha nyingi na kuilaumu pedali isiyo na kosa.

1. Ishara dhaifu na mlango wa kuingilia

Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, huzaa umeme mdogo sana, ambao kwa kawaida haufiki volti moja. Umeme huo ndio tunaouita ishara. Kwa kuwa ni dhaifu, hauwezi kulisha kifaa chenye njaa. Kwa hiyo mlango wa kuingilia wa amplifaya hutengenezwa uwe na ukinzani mkubwa, mara nyingi omu 1,000,000, ili uipokee ishara pasipo kuinyonya. Mlango wenye ukinzani mdogo huipunguza ishara, na sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kufifia.

Waya nao una sehemu yake. Waya wa mita 10 humeza sauti nyembamba zaidi kuliko waya wa mita 3 wa aina ileile. Pedali nyingine, zikizimwa, huiacha ishara ipite moja kwa moja. Pedali sita za namna hiyo, pamoja na nyaya za kuziunganisha, ni sawa na kurefusha waya. Nyingine zina sakiti ndogo inayopokea bila kunyonya na kutoa kwa nguvu. Tuiite hapa kipokezi. Kipokezi kimoja mwanzoni mwa mnyororo huziokoa sauti nyembamba. Hata hivyo, kama tutakavyoona, hakifai kila mahali.

2. Mpangilio na maana

Tuchukue pedali mbili: ya mkwaruzo na ya mwangwi. Pedali ya mkwaruzo hukata vilele vya mawimbi na kuzaa sauti mpya ambazo hazikuwamo katika uzi. Ikitangulia, noti hukwaruzwa kwanza, kisha mwangwi huirudia noti hiyo ikiwa imekamilika. Kila marudio husikika peke yake, yakififia taratibu. Mwangwi ukitangulia, noti na marudio yake huingia pamoja katika mkwaruzo. Huko huchanganyika na kuzaa sauti zisizokusudiwa, tena marudio yaliyopaswa kufifia huinuliwa karibu sawa na noti yenyewe. Matokeo ni ukungu wa sauti.

Kanuni iliyomo ni hii: kifaa kinachobadili umbo la wimbi hakiwatendei wageni wake mmoja mmoja, bali huwachanganya wote. Ndiyo sababu kupunguza sauti nene kabla ya mkwaruzo huleta uwazi, ilhali kuzipunguza baadaye hubadili rangi tu, kwa maana mchanganyiko umekwisha kutokea. Vilevile, kila kifaa kinachokuza ishara hukuza pia kelele za vifaa vilivyokitangulia.

3. Mfano wa Fuzz Face

Pedali ya Fuzz Face, iliyotolewa Uingereza mwaka 1966 na kujulikana sana kwa matumizi ya Jimi Hendrix, ni mfano mzuri. Ina transista mbili tu, na ukinzani wa mlango wake ni mdogo mno. Kwa mujibu wa sehemu ya kwanza, ingeonekana kwamba ni kasoro. Lakini hapa gitaa na pedali huwa kama sakiti moja. Mpigaji akipunguza kidogo kitufe cha sauti kilicho kwenye gitaa, huongeza ukinzani kati ya gitaa na pedali, na mkwaruzo huyeyuka kuwa sauti safi yenye kung'aa. Kidole kimoja chatosha kuhama kutoka ukali hadi upole.

Tukiweka kipokezi kati yao, uhusiano huo hukatika: pedali huwa kali na haiitikii vizuri kitufe cha gitaa. Tukiitanguliza pedali ya wah-wah, mlango wenye njaa wa Fuzz Face huinyonya, na mwendo wake wa kufungua na kufunga sauti hupungua. Katika hali zote mbili hakuna kifaa kilichoharibika. Kilichoharibika ni ujirani.

4. Amplifaya kama pedali ya mwisho

Wengi hudhani kwamba amplifaya, ambayo wapigaji wetu huiita ampli, hukuza tu kile inachopewa. Sivyo. Amplifaya ya valvu ikifikishwa kwenye ukomo wake, nayo hukwaruza. Pedali inayosukuma ishara mbele yake haitaongeza sana ukubwa wa sauti. Itaongeza mkwaruzo na kuirefusha noti. Na pedali ya mwangwi iliyo mbele ya amplifaya hiyo hurudi kwenye tatizo la sehemu ya pili. Kwa sababu hiyo amplifaya nyingi zina njia ya kando kati ya sehemu ya awali na sehemu ya nguvu, ili mwangwi uingie baada ya mkwaruzo. Hata hivyo, kama mkwaruzo unatokea katika sehemu ya nguvu yenyewe, njia hiyo haisaidii.

Kinshasa imetoa ushahidi wa wazi. Kundi la Konono No 1, lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi, lilizikuza likembe kwa mikrofoni zilizoundwa kwa sumaku za vipuri vya magari. Mkwaruzo wa vyombo hivyo haukufichwa, bali ulikuwa sehemu ya muziki, kama albamu «Congotronics» ya mwaka 2004 inavyodhihirisha.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba pedali haina sauti yake peke yake, kama vile kiambishi kisivyo na maana kamili nje ya neno. Mpigaji anayetafuta kosa na aanze na gitaa, waya mmoja na amplifaya. Kisha aongeze pedali moja moja, akisikiliza kila hatua, na kubadilisha nafasi kabla ya kubadilisha kifaa. Akifanya hivyo, mara nyingi atagundua kwamba alichohitaji kununua hakikuwa pedali mpya, bali waya mfupi zaidi; au kwamba hakuhitaji kununua chochote.