Bandari ya Kilwa Mezani: Kutengeneza Mtepe, Shehena na Watu Wake kwa Somo la Historia

Miongoni mwa zana za kufundishia historia ambazo mwalimu aweza kuziunda kwa mikono yake na ya wanafunzi wake, mandhari ya mfano ina nafasi ya pekee. Kwa mandhari ya mfano tuna maana ya meza au sanduku lililopangwa vitu vidogo vinavyoonyesha mahali fulani, katika wakati fulani uliopita. Picha iliyobandikwa ukutani huonyesha upande mmoja tu wa jambo. Mandhari ya mfano huzungukwa, huguswa na hupimwa.

Lakini nguvu hiyo ina hatari yake. Mtoto husahau maneno mengi ya mwalimu wake, bali chombo alichokishona mwenyewe hakisahau. Tukimpa chombo cha uongo, uongo huo ndio atakaoondoka nao shuleni. Katika masomo mengi ya biashara ya kale, jahazi huchorwa likiwa mali ya wageni, na mtu wa pwani huchorwa akiwa mchukuzi wa mizigo tu. Mtoto afundishwaye hivyo hukua akidhani kwamba bahari ilikuwa ya wengine. Kwa hiyo hatuna budi kuwa waangalifu: kila kitu kinachowekwa mezani kiwe na jibu la swali hili, "Tumejuaje?"

Kuchagua mahali na mwaka

Kosa la kawaida ni kutengeneza "bandari ya zamani" isiyo na jina wala mwaka. Mandhari ya namna hiyo hukusanya vitu vya karne tano mahali pamoja. Sisi tumechagua Kilwa Kisiwani, mwaka 1331, kwa sababu tatu. Kwanza, katika mwaka huo msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa akitokea Mogadishu na Mombasa, na habari za safari yake ziliandikwa. Pili, magofu ya mji huo yapo hata leo. Pamoja na yale ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Tatu, Kilwa ilikuwa mlango wa dhahabu iliyotoka bara kupitia Sofala. Sarafu yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyetawala wakati wa safari hiyo, imepatikana mbali sana na bahari, katika magofu ya Great Zimbabwe.

Ushahidi kabla ya mikasi

Kabla ya kukata hata kipande kimoja cha kadibodi, darasa litengeneze kadi ndogo za aina tatu. Kadi ya kwanza iandikwe "Tumeona", kwa vitu vilivyofukuliwa au vinavyosimama hadi leo. Ya pili iandikwe "Tumesoma", kwa mambo yaliyoandikwa na watu wa kale. Ya tatu iandikwe "Tumekisia", kwa mambo tuliyoyafikia kwa kufikiri. Kila kitu kitakachokaa mezani kitawekewa kadi yake.

Tuchukue mfano wa nyumba. Ibn Battuta ameusifu mji wa Kilwa kwa uzuri wake, lakini asema kwamba majengo yake yalikuwa ya miti. Magofu nayo yatuonyesha msikiti mkuu na jumba la Husuni Kubwa, vyote vya mawe ya matumbawe. Mwalimu asifiche tofauti hii. Awaulize wanafunzi: je, mambo haya mawili yaweza kuwa kweli kwa pamoja? Baada ya majadiliano, wengi watafikia wazo kwamba nyumba za watu wa kawaida zilikuwa za miti, udongo na makuti, na majengo machache makubwa yalikuwa ya mawe. Wazo hilo litapewa kadi ya "Tumekisia". Hapo mtoto wa shule ya msingi amekwisha kufanya kazi ya mwanahistoria.

Kipimo

Yafaa kutumia kipimo kimoja kwa vitu vyote: sentimeta 4 za mfano kwa kila meta 1 ya kitu halisi, yaani moja kwa ishirini na tano. Tukichagua chombo cha urefu wa meta 12, mfano wake utakuwa wa sentimeta 48. Mtu wa meta 1.65 atakuwa na sentimeta 6.6. Boriti ya meta 4 itakuwa na sentimeta 16, na mtungi wa nusu meta utakuwa na sentimeta 2. Meza ya urefu wa meta 1 itaonyesha meta 25 za ufuko. Hesabu hizi zifanywe na wanafunzi wenyewe. Kipimo kikipuuzwa, mtu atakuwa mrefu kuliko mlingoti, na mandhari yote itageuka kuwa mchezo.

Kuunda mtepe

Mtepe ulikuwa chombo cha watu wa pwani yetu, na hasa ulijulikana katika visiwa vya Lamu. Mbao zake hazikupigiliwa misumari ya chuma. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Sanaa hii ya kushona vyombo ni ya kale mno. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, chataja mji wa pwani hii ulioitwa Rhapta, na chasema kwamba jina lake lilitokana na vyombo vya kushonwa. Ibn Battuta naye aeleza sababu ya kushona vyombo katika Bahari ya Hindi: chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, bali kilichoshonwa hulegea kidogo na kuokoka.

Jambo hili la mwisho lijaribiwe darasani. Chukua vipande viwili vya kadibodi, uviunganishe kwa gundi ya unga wa muhogo. Chukua vingine viwili, uvishone kwa uzi wa katani. Vikikauka, mwanafunzi avikunje vyote polepole kwenye maungio. Atajionea ni kipi kipasukacho na ni kipi kinyumbukacho.

Vifaa vinavyohitajika ni kadibodi ya maboksi, vijiti vya chelewa, fito nyembamba, uzi wa katani, shazia, gundi ya unga wa muhogo, na kipande cha mkeka mkuukuu. Kazi ifuate hatua hizi:

1. Kata ufito wa sentimeta 32 uwe mkuku. Funga ufito wa hanamu mbele na wa fashini nyuma, ukiilaza nje, hata urefu wote wa chombo utimie sentimeta 48.

2. Kata mbao za kadibodi zenye upana wa sentimeta 2, sita kwa kila upande. Wanafunzi waambiwe kwamba kwa kipimo chetu ubao huo ni mpana kuliko ubao wa kweli. Tumeupanua ili matundu yasipasuke.

3. Toboa matundu kando ya kila ubao, ukiacha sentimeta 1 kati ya tundu na tundu. Matundu ya ubao mmoja yaelekeane na ya mwenziwe.

4. Shona ubao wa kwanza kwenye mkuku, kisha wa pili juu ya wa kwanza, na kuendelea hadi juu. Fanya hivyo pande zote mbili kwa zamu, ili chombo kisipinde.

5. Mbao zikiisha kushonwa, ndipo utie mataruma ya chelewa ndani na kuyafunga kwa uzi. Mpango huu usigeuzwe. Mafundi wa mtepe walianza kwa kushona ganda la chombo, kisha wakatia mbavu.

6. Simamisha mlingoti mmoja katikati. Tanga likatwe katika mkeka, nalo liwe la pembe nne. Tanga la pembe tatu, lijulikanalo sana katika majahazi ya leo, halikuwa tanga la mtepe.

Hapa kadi zetu zifanye kazi. Kushonwa kwa chombo kutapewa kadi ya "Tumesoma". Lakini umbo la mtepe tulijualo, pamoja na hanamu yake ndefu na macho yaliyochorwa kwenye omo, limetokana na michoro na picha za karne ya 19 na ya mwanzoni mwa karne ya 20. Kuliweka katika mwaka 1331 ni kukisia, na kadi iseme hivyo.

Shehena

Kundi la shehena lina kazi ya furaha, nayo ndiyo inayoingiwa na makosa mengi. Mtoto akiambiwa ajaze ngama, ataleta anavyovijua nyumbani: magunia ya mahindi, mihogo, korosho. Vyote hivyo vilitoka bara la Amerika, na havikufika kwetu ila baada ya mwaka 1500. Karafuu nazo hazikuwa zao la visiwa vyetu kabla ya karne ya 19. Mwalimu asimgombeze mtoto huyo. Ayatenge mahindi yake kando ya meza na kuuliza, "Je, watu wa Kilwa walikula nini basi?" Mtama, mchele, samaki na nazi vitatajwa upesi.

Vitu vifaavyo kuwekwa ni hivi. Meno ya ndovu yafinyangwe kwa udongo na kupakwa chokaa. Boriti za mikoko ziwe vijiti vilivyonyooka, vilivyofungwa mafungu. Shanga za kioo ziwakilishwe na mbegu ndogo zilizopakwa rangi. Nguo za pamba zikunjwe ziwe marobota. Magurudumu madogo ya pia za kusokotea uzi yaliyofukuliwa Kilwa yashuhudia kwamba uzi ulisokotwa papo hapo, mbali na nguo zilizoletwa kwa bahari. Vyombo vya Kichina vipakwe rangi ya kijani kibichi iliyofifia, maana vile vyeupe vyenye nakshi za buluu vilienea baadaye. Dhahabu isiwe marundo yanayong'aa. Kwa kipimo chetu, mfuko mdogo mmoja mkononi mwa mfanyabiashara watosha.

Watu

Sanamu za watu zifinyangwe kwa udongo wa mfinyanzi juu ya kijiti cha chelewa. Kwa kuwa udongo hunywea ukikauka, waanze na sentimeta 7 au zaidi kidogo. Mavazi yawe vipande vya nguo isiyo na maua. Kanga tuzijuazo ni za karne ya 19 na kuendelea.

Kila sanamu ipewe kazi kabla ya kufinyangwa, nayo kazi iamue mkao wake. Nahodha asimama akihesabu shehena. Fundi amechutama, anakaza kamba iliyolegea. Baharia anakunja tanga. Msokotaji ameketi kivulini na pia yake. Mfanyabiashara wa mji anapatana na mgeni, nao wawe na kimo kimoja na wasimame ana kwa ana, kwa sababu huyo wa Kilwa hakuwa mtumishi wa mgeni. Alikuwa mwenye soko.

Kuna jambo zito ambalo hatuwezi kulikwepa. Ibn Battuta ataja watumwa pamoja na meno ya ndovu miongoni mwa zawadi zilizotolewa na sultani wa Kilwa. Tukinyamaza, tutakuwa tumeipamba historia. Tukiwafinyanga watu waliofungwa na kuwapanga kati ya mitungi na marobota, tutakuwa tumewafundisha watoto kuwaona watu kama shehena, nao wataichezea mifano hiyo wakati wa mapumziko. Ushauri wetu ni kwamba jambo hili lielezwe kwa maneno, kwa utulivu, na liandikwe katika kadi ya "Tumesoma" iliyo kubwa kuliko nyingine, isimamishwe mbele ya meza. Si kila kilicho kweli kifaacho kufanywa kidoli.

Kupanga na kuuliza

Twapendekeza mandhari ionyeshe wakati wa maji kupwa. Mtepe utakuwa umeegemea mchangani, tanga limeshushwa, na watu wanapita kwa miguu kati ya chombo na ufuko. Mchanga mkavu ni rahisi kupatikana kuliko bahari ya kuigiza. Ukutani nyuma ya meza ichorwe mishale miwili: wa kaskazi, iliyovileta vyombo vya Arabuni na Bara Hindi, na wa kusi, iliyovirudisha.

Kazi ikimalizika, mwalimu asiifanye pambo la ofisi ya mwalimu mkuu. Awaite wanafunzi wa darasa jingine, na kila kundi lieleze sehemu yake na kujibu maswali. Kwa nini hakuna msumari? Kwa nini tanga ni la mkeka? Kadi ipi ungependa kuibadilisha, na ungehitaji kuona nini ili uibadilishe? Swali hili la mwisho ndilo kipimo chetu kikubwa. Mwanafunzi alijibuye vema ameelewa kwamba historia hujengwa juu ya ushahidi.

Walimu watakaopelekwa shule za bara wasidhani kwamba njia hii si yao. Katika Ziwa Viktoria, Waganda nao walikuwa na mitumbwi ya mbao za kushonwa, na hatua tulizozieleza zaweza kurekebishwa kuifuata.

Mitepe ya kazi imekwisha kutoweka baharini. Mwaka 2003 mafundi walijenga Zanzibar mtepe wa ukubwa halisi, nao ukawekwa katika jumba la Beit-el-Ajaib. Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ilibomoka. Tunalitaja jambo hili ili walimu waone kwamba ujuzi uliotunzwa mahali pamoja hauna salama. Kila darasa litakaloshona ubao kwa ubao na kusema kwa nini limefanya hivyo, litakuwa limeufikisha ujuzi huo mahali pengine.