MAFIGO YAKO: YAJUE, UYALINDE

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumbani,

Shika kiuno, vidole gumba vikielekea mgongoni, chini ya mbavu za mwisho. Hapo ndipo mafigo yako yanakaa. La kuume liko chini kidogo, kwa sababu ini liko juu yake. Kila figo lina umbo la mbegu ya haragi na urefu wa sentimeta 11 hivi.

Kazi yake ni kuchuja damu. Kila figo lina vichujio karibu milioni 1, visivyoonekana kwa macho. Kwa siku moja mafigo yote mawili yanachuja litre 180 za maji. Karibu yote yanarudi mwilini. Litre moja na nusu hivi inatoka pamoja na uchafu. Huo ndio mkojo.

Sasa uangalie hatari tatu za kazi yetu.

1. JOTO. Ukitoka jasho bila kunywa, mkojo unakuwa mzito na chumvi yake inaweza kugeuka kijiwe. Kijiwe kikishuka, maumivu makali yanatoka ubavuni mpaka kinenani. Kunywa maji mara kwa mara, usingoje kiu. Mkojo mweupe ni alama njema. Ukiwa wa rangi nzito, ongeza maji.

2. PIGO. Ukianguka au ukigongwa ubavuni, figo linaweza kupasuka bila kidonda cha nje. Ukiona damu katika mkojo, njoo hospitali siku ile ile.

3. KUBANWA. Hii ndiyo wengi hawaijui. Mwenzako akibanwa paja na jiwe kwa muda mrefu, nyama iliyopondwa inatoa sumu. Jiwe likiondolewa, sumu inaingia katika damu na kuharibu mafigo, hata moyo. Waganga wa London waliandika habari hii mwaka 1941, walipotibu watu waliofukiwa na nyumba zilizopigwa mabomu. Mtu anatolewa akiongea, anaomba kwenda kwake. Baadaye mkojo unakuwa mweusi kama kahawa, kisha unakatika.

Basi mfanye hivi: mwite mganga wakati mtu angali amebanwa, ili maji ya mshipani yaanze mapema. Andikeni saa aliyobanwa na saa aliyotolewa. Msimwache aende nyumbani, hata akikataa.

Nawe mama, baba akirudi na mguu uliovimba baada ya ajali, usimpe vidonge vya maumivu ili alale. Mlete kwetu, hata usiku.