3D inang'aa kwenye simu, kwenye bango ukungu mtupu!

Hili limenitoa hela, ninyi nawapa bure.

Nauza ramani za nyumba mtandaoni, ofisi yangu ipo Magomeni Mapipa. Mteja akataka bango la futi 6 kwa 3 lenye picha ya nyumba yake ya 3D. Nikachukua ile picha niliyotumiwa WhatsApp, nikaipeleka Kariakoo ikachapwa hivyo hivyo. Lilivyotoka, madirisha hata huyaoni vizuri. Mteja akalikataa. La pili nikalilipia mwenyewe.

Mchapaji hana kosa, kosa langu. Futi 6 ni inchi 72. Picha yangu ilikuwa na pikseli 1,600 kwa upana, yaani 22 tu kila inchi. Bango la kuangaliwa kwa karibu linataka kama 100 kila inchi, kwa hiyo nilihitaji 7,200 kwa 3,600.

Siku hizi nafanya hivi:

1. Namwambia mchoraji saizi ya bango kabla hajatoa 3D. Picha ndogo ukiivuta inakuwa kubwa, lakini haiwi safi.

2. Anaituma kama dokyumenti, sio kama picha, maana WhatsApp inaibana. Skrinshoti usithubutu!

3. Nachapisha kwanza kipande kidogo kwa saizi ileile ya bango, sio bango zima limepunguzwa. Hapo naona ukungu, naona na rangi. Skrini inatoa mwanga, wino hautoi, rangi kali lazima zipoe.

Piga hesabu ya pikseli kabla hujapokea hela ya mteja.