Mita Inayojitegemea

Katika nyumba nyingi za Mtanda, Lindi mjini, umeme huingia ndani kwa namba. Mtu ananunua kwa simu au kwa wakala, anapokea ujumbe wenye tarakimu 20, anazibonyeza kwenye mita na uniti zinaongezeka. Wengi hudhani hapo mita imewasiliana na kompyuta za shirika la umeme, TANESCO. Haijawasiliana na yeyote. Mita ya kawaida ya LUKU, mfumo huu wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, haina laini ya simu wala intaneti. Kila inachotakiwa kujua kimo ndani ya tarakimu zile.

Utaratibu huu, uitwao STS, ulianzia Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sasa ni kiwango cha kimataifa. Tarakimu 20 hubeba biti 66. Biti 16 hutaja kiasi cha uniti, 24 hutaja dakika ambayo tokeni, yaani namba hizo, ilitengenezwa, na 16 nyingine hukagua kama kuna tarakimu iliyokosewa. Karibu zote hufungwa kwa ufunguo wa siri wa mita ile moja, ndiyo maana tokeni ya jirani haikubali kwako. Tena mita hukumbuka tokeni ilizokwisha kupokea. Aliyesahau kama ameshaingiza namba zake anaweza kuziingiza tena bila wasiwasi: zikiwa zimetumika zitakataliwa, na hapotezi kitu.

Usanifu wa namna hii una kanuni zake. Mwaka 2007 mwandishi Thomas Erl, katika kitabu chake kuhusu usanifu wa huduma za programu, alipanga kanuni nane za kazi hiyo. Kwangu mimi zilizo nzito ni tatu: huduma mbili zikubaliane kwa mkataba ulio wazi, zisishikamane kupita mkataba huo, na kila moja iweze kufanya kazi yake bila kuitegemea nyingine. Sijaona mfano ulio wazi kuliko LUKU. Mkataba ni tarakimu 20, basi. Muuzaji hahitaji kujali mita imetengenezwa na kiwanda gani. Mita haijui fedha zimelipwa kwa njia ipi.

Kwa Lindi hili si jambo la vitabuni. Mwanzoni mwa Mei 2024 kilikuja Kimbunga Hidaya, na mvua zikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, Kilwa. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu na intaneti ikazorota nchini. Mwenye tokeni mkononi siku hiyo hakuhitaji barabara wala intaneti ili mita yake imkubalie.

Lakini upande wa kuuza ni habari nyingine. Tokeni lazima itengenezwe mahali penye funguo za siri, na mahali hapo ni kituo kikuu. Katikati ya Mei 2021 mfumo wa kuuzia LUKU ulipata hitilafu, na kwa siku kadhaa wananchi wakajipanga foleni kwenye ofisi za TANESCO. Mita zao zilikuwa nzima kabisa. Uhuru wa sehemu moja haukuweza kuiokoa huduma yote, na mbunifu anayesifia mita peke yake ameangalia nusu ya kazi.

Kuna jambo jingine ndani ya tokeni linalonivutia. Haitaji shilingi, inataja uniti tu. Bei, kodi na makato vyote huhesabiwa kwa muuzaji. Kwa hiyo kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kupitia LUKU Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, hakuna fundi aliyelazimika kugusa mita hata moja. Kiufundi ni usanifu mzuri sana. Kwa haki sina hakika hiyo: mpangaji ndiye anayenunua umeme, na kodi ni ya mwenye nyumba. Huduma iliyo rahisi kuunganishwa huvutia kila mwenye shida ya kukusanya fedha.

Gharama ya kujitegemea ilionekana mwaka 2024. Dakika za STS zilihesabiwa tangu 1 Januari 1993, na biti 24 hazivuki dakika 16,777,216. Hesabu hiyo ilikuwa ifike ukomo tarehe 24 Novemba 2024. Huwezi kuisahihisha kwa mbali mita isiyo na mawasiliano. Dawa ilikuwa ni kumpa kila mteja makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadilisha ufunguo, la tatu la umeme wenyewe. Bibi wa Mtanda anayebonyeza mita yake akawa, kwa siku moja, fundi wa mfumo unaotumika katika nchi nyingi duniani. Hesabu mpya inaanzia 1 Januari 2014, na itajaa 24 Novemba 2045.