Ngozi ya Meli ya Anga Hupimwa kwa Gramu

Novemba 1917 meli ya anga ya Kijerumani L59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na shehena ya tani 15 hivi za risasi, dawa na vifaa vingine vya jeshi la kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck, lililokuwa limebanwa kusini mwa Tanzania ya leo. Haikutarajiwa kurudi. Ikishatua ingefumuliwa: kitambaa cha ngozi ya nje kishonwe mahema, bitana iwe bendeji, na fremu yake isimamishwe kuwa minara ya redio. Ilipofika magharibi ya Khartoum iliamriwa igeuze, ikarejea Jamboli baada ya saa 95 hewani.

Mpango huo uliwezekana kwa sababu ngozi ya chombo chenye urefu wa mita 226 ilikuwa pamba, kitambaa ambacho fundi cherehani yeyote angekikata na kukishona. Kilichokifanya kikaze na kuhimili upepo ni dawa iliyopakwa juu yake. Hata leo, anayeunda meli ndogo ya anga nyumbani anachagua vitu viwili, kitambaa na dawa yake, na uharibifu mwingi hutokea kwenye dawa.

Hesabu ndiyo ianze. Chukua ganda la umbo la yai refu, urefu mita 6 na upana mita 2. Ujazo wake ni mita za ujazo 12.5 hivi, na eneo la ngozi ni mita za mraba 31. Karibu na usawa wa bahari, kila mita ya ujazo ya heliamu hunyanyua takriban kilo 1. Basi kuna kilo 12 na nusu za kugawana kati ya ngozi, mfuko wa gesi, mota, betri na usukani. Ngozi ikifika gramu 400 kwa mita ya mraba, chombo hakiondoki chini hata kikiwa kitupu.

Hapo ndipo mazoea ya boti yanapoponza. Mafundi wa boti za faiba huzoea mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa, na ule wa gramu 450 kwa mita ya mraba hunywa resini, ambayo ndiyo dawa ya faiba, kama mara mbili ya uzito wake. Tabaka moja tu la mkeka huo lingelifanya ganda letu kuwa na zaidi ya kilo 40. Kinachofaa ni kitambaa cha faiba kilichofumwa, chepesi. Cha gramu 163, kikinywa resini sawa na uzito wake, kinaleta ganda la kilo 10. Tabaka mbili za gramu 49 zinaleta kilo 6 hivi, na zikipandishwa kwa kupishana, nyuzi za tabaka moja zikikata zile za jingine kwa pembe ya digrii 45, ganda halijipindi ovyo.

Kevlar huvutia wengi kwa sifa ya kukinga risasi. Ni nyepesi kuliko faiba na haichaniki kirahisi, lakini ni dhaifu inapogandamizwa, hunyonya unyevu, hudhoofishwa na jua na huhitaji mkasi wake maalumu. Inafaa kama vipande kwenye pua na kwenye mashiko ya mota, ambako kishindo ni kikubwa. Kaboni ni ngumu mno kwa uzito wake, ila inapitisha umeme na bei yake haichekeshi. Dyneema ni nyepesi hata kuliko maji, lakini ni aina ya polithini, na epoksi, resini inayotumika hapa, haishiki vizuri kwenye polithini. Kwa ganda la kwanza, faiba ndiyo chaguo la busara.

Sasa resini. Njia inayosifiwa ni ya kufyonza: kitambaa kikavu hulazwa kwenye kalibu, kikafuatiwa na kitambaa cha kubandua na wavu wa kupitishia resini, kisha vyote hufunikwa kwa plastiki na kuzibwa kingo. Pampu hutoa hewa, na resini huvutwa ndani hadi nyuzi zilowe. Kazi hutoka safi na resini haizidi. Lakini hewa ya nje hugandamiza kwa nguvu ya karibu tani 10 kwa kila mita ya mraba, kiasi cha kubonyeza kalibu ya povu laini. Tena, kwa tabaka moja au mbili nyembamba, resini inayobaki kwenye wavu na kwenye mirija, ambayo hutupwa, inaweza kuwa nyingi kuliko iliyoingia kwenye kitambaa.

Kwa ngozi nyembamba hivyo, mkono unatosha. Epoksi hupimwa kwa mizani pamoja na kigumisho chake, humwagwa kidogo kidogo, husambazwa kwa kadi ya plastiki, na mkono uwe ndani ya glavu kwa sababu epoksi huleta mzio. Kisha wajenzi wa ndege za mfano hufanya jambo linaloshangaza anayeliona mara ya kwanza: huviringisha karatasi ya chooni juu ya kitambaa kilicholowa. Karatasi hunyonya resini ya ziada, na mng'ao wa maji hutoweka hadi ufumaji wa nyuzi uonekane. Mng'ao ukiwa bado upo, kuna gramu zisizo na kazi. Katika joto la pwani epoksi huwahi kuganda, na ikiachwa nyingi kwenye kikombe hujichemsha yenyewe hadi kutoa moshi. Afadhali kuchanganya kidogo na kuimwaga haraka kwenye sinia pana.

Ndoa ya kitambaa na dawa ijaribiwe kabla ya ganda kuguswa. Meli ya anga R101 ya Uingereza ilifundisha hilo kwa gharama isiyosahaulika. Ngozi yake ilikuwa imepakwa dawa ya kuikaza. Baadaye viraka vya kuiimarisha vilibandikwa kwa gundi ya mpira, na gundi ikaila dawa ile. Nevil Shute, mwandishi wa riwaya ambaye wakati huo alikuwa mhandisi wa meli shindani R100, alieleza baadaye alivyoonyeshwa kipande cha ngozi hiyo: kilikuwa kimegeuka kahawia, na kilipokunjwa mkononi kilivunjika vipande. Sehemu kubwa ya ngozi ilibadilishwa, si yote. Tarehe 5 Oktoba 1930 R101 ilianguka karibu na Beauvais, Ufaransa, na watu 48 kati ya 54 wakafa. Uchunguzi uliona uwezekano mkubwa kwamba ngozi ya mbele ilipasuka na mifuko ya gesi ikaharibika. Kipande cha kiganja kimoja, kilichopakwa kila kitakachopakwa kwenye ganda, kikaachwa juani wiki kadhaa kisha kikakunjwa na kuvutwa, ni gharama ndogo mno ukilinganisha na hayo.

Ganda hili lisipewe kazi ya kuzuia gesi. Faiba nyembamba ina vitundu visivyoonekana kwa macho, na heliamu haihitaji zaidi ya hivyo. Zeppelin za zamani, meli za anga kama L59, zilitenganisha kazi hizo mbili: ngozi nje kwa ajili ya upepo na mvua, mifuko ndani kwa ajili ya gesi, mingi ikiwa imetengenezwa kwa utando wa utumbo wa ng'ombe. Nyumbani, mfuko wa filamu ya poliesta iliyopakwa aluminiamu unafanya kazi hiyo vizuri.

Linabaki jua, ambalo huichakaza epoksi isiyofunikwa. Meli ya anga ya Kijerumani Hindenburg ilipakwa dawa yenye unga wa aluminiamu ili kurudisha mwanga, ndiyo maana inang'aa kama fedha kwenye picha. Rangi nyepesi ya fedha au nyeupe inatosha kwa ganda dogo, lakini nayo iingie kwenye hesabu tangu siku ya kwanza: gramu 50 tu kwa mita ya mraba ni kilo 1 na nusu kwenye ganda letu, karibu robo ya kilo zinazobaki kwa mfuko, mota na betri hata ganda likiwa la kilo 6.