Je, Wajua? Nyama ya Sherehe Isiyohitaji Friji

Je, wajua kwamba nyama wanayoandaliwa wageni wa harusi Mandera inaweza kukaa miezi kadhaa bila friji? Inaitwa nyirinyiri. Katika mji huu ulio mpakani mwa Kenya, Ethiopia na Somalia, wakazi wengi ni Waislamu, hivyo nyama ya nguruwe haina nafasi kwenye sinia la sherehe. Nafasi ni ya ngamia, au ng'ombe.

Mnofu hukatwa vipande virefu vyembamba, ukaanikwa hadi ukauke. Kisha hukatwakatwa vidogo sana, karibu ukubwa wa punje za mahindi, hukaangwa hadi viwe vya kahawia, na kuhifadhiwa ndani ya samli iliyotiwa iliki. Jua na moto huondoa maji, samli huzuia hewa, na vijidudu hukosa pa kustawi. Wafaransa, wanaosifiwa mno kwa mapishi, huhifadhi bata kwa ujanja wa aina hiyohiyo.

Nyirinyiri huliwa kwa anjera na chai ya maziwa. Ukipakua, tumia kijiko kikavu: maji yakiingia chomboni, nyama haikawii kuharibika.