Makaroni Matupu Hayajengi Mwili



Asubuhi moja mama mmoja wa hapa wilayani Muheza alimleta mtoto wake zahanati kupimwa uzito. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Kadi yake ilionyesha kuwa uzito haujapanda kwa miezi mitatu.

"Mama, mtoto anakula nini nyumbani?" nilimwuliza.

"Anakula vizuri, daktari. Siku hizi uji hautaki. Nampikia makaroni ya dukani kwa tui na sukari. Anamaliza sahani nzima."

"Ng'ombe wa maziwa mnaye?"

"Tunaye mmoja."

"Na maziwa yake?"

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Yote yanakwenda kituoni kuuzwa. Fedha yake ndiyo inayonunua hayo makaroni."

Tulifikirie jambo hili. Maziwa yametoka nyumbani, makaroni yameingia. Mtoto ameshiba, lakini hakui. Kosa si la mama kutojali. Mama alinunua kile mtoto alichokipenda. Kilichokosekana ni elimu ya kukikamilisha chakula hicho.

KASORO IKO WAPI?

Makaroni ni tambi nene zenye tundu katikati. Hutengenezwa kwa unga wa ngano. Si chakula kibaya. Kazi yake kubwa ni kutia nguvu, kama ugali, muhogo au wali. Lakini mwili wa mtoto unahitaji vyakula vya kazi tatu: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, na vya kulinda mwili. Nyumba haijengwi kwa udongo peke yake. Inataka miti na kamba pia.

Sukari nayo hutia nguvu tu. Tui la nazi lina mafuta, nayo mafuta hutia nguvu. Basi makaroni kwa tui na sukari ni nguvu, nguvu na nguvu. Chakula cha kujenga mwili ni kidogo mno. Tui ni jeupe kama maziwa, lakini halishiki nafasi ya maziwa. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina gramu 30 hivi za protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Pia maziwa yana madini ya kuimarisha mifupa na meno.

Katika nchi za Ulaya na Marekani watu hupika makaroni kwa maziwa na jibini. Jibini ni maziwa yaliyogandishwa na kukamuliwa maji. Je, jibini ni chakula cha wageni tu? Hapana. Huko Irente, karibu na mji wa Lushoto, jibini hutengenezwa kwa maziwa ya milima yetu ya Usambara. Nasi Muheza tunao wafugaji, hasa upande wa Amani. Ndimu na malimau tunayo. Tunaweza kutengeneza jibini nyepesi jikoni kwetu.

KUTENGENEZA JIBINI YA NYUMBANI

Chukua nusu lita ya maziwa na ndimu mbili.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha sufuria. Chemsha kitambaa safi cheupe.

2. Chemsha maziwa mpaka yafure. Koroga yasishike chini. Usiruke hatua hii. Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu, homa ya brusela na kuhara.

3. Ipua sufuria. Tia maji ya ndimu kijiko kimoja cha chakula, huku ukikoroga polepole. Kama maziwa hayajakatika, ongeza kijiko cha pili. Utaona mabonge meupe yakijitenga na maji. Hapo acha kutia ndimu.

4. Ngoja dakika 10. Mimina katika kitambaa juu ya bakuli. Kamua, kisha ning'iniza kwa nusu saa.

Kilichobaki ndani ya kitambaa ndiyo jibini. Itumie siku hiyo hiyo, maana joto la kwetu huiharibu upesi. Maji yaliyochujika usiyamwage. Bado yana faida. Yapikie uji au yatie katika maji ya kuchemshia makaroni.

KUPIKA MAKARONI

Kipimo hiki chatosha watoto watatu. Tayarisha vikombe viwili vya makaroni makavu, jibini uliyotengeneza, kikombe kimoja cha maziwa (robo lita), kijiko kimoja cha unga wa ngano, kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu kimoja, fungu moja la mchicha na chumvi kidogo.

1. Chemsha maji mengi. Yakitokota ndipo utie makaroni. Ukitia katika maji ya baridi yatagandana. Yakilainika, chuja.

2. Kaanga kitunguu kwa mafuta. Tia mchicha uliooshwa na kukatwa. Uive kidogo tu.

3. Koroga unga kwa maziwa baridi kidogo mpaka madonge yaishe. Changanya na maziwa yaliyobaki, kisha mimina juu ya mchicha. Koroga mpaka mchuzi uchemke na kuwa mzito.

4. Vunjavunja jibini kwa uma au mkono safi. Tia pamoja na makaroni na chumvi. Koroga, funika dakika tano, ipua.

Jibini hii haiyeyuki kama ile ya kiwandani. Usidhani umekosea. Ukitaka iwe laini zaidi, iponde na kijiko kimoja cha maziwa ya moto kabla ya kuitia.

Kwa mtoto mdogo, pika makaroni yalainike sana kisha uyaponde, asije akapaliwa. Usiache kumnyonyesha. Maziwa ya mama yanaendelea kumfaa mpaka afikishe miaka miwili na zaidi.

Baada ya kula, mpe mtoto chungwa. Machungwa ya Muheza husafirishwa mbali, lakini watoto wetu wayale kwanza. Chungwa huusaidia mwili kupata madini ya kuongeza damu yaliyomo katika mchicha. Chai, kinyume chake, huyazuia. Usimpe mtoto chai pamoja na chakula.

KAMA HAKUNA MAZIWA

Usikate tamaa. Tia yai moja lililopikwa vizuri kwa kila mtoto, au dagaa waliooshwa, kukaushwa na kusagwa, au kunde zilizopondwa, au karanga zilizosagwa. Hata kama makaroni hayapo, ugali laini, viazi au muhogo ukiongezewa vitu hivi unakuwa chakula kamili zaidi. Hakuna haja ya kwenda dukani.

KIKOMBE CHA MTOTO

Hatusemi maziwa yasiuzwe. Fedha ya maziwa inanunua chumvi, sabuni na madaftari. Lakini kabla ndoo haijatoka nyumbani, toa kikombe kimoja kwa kila mtoto. Hesabu ya chakula tulichokipika ni hiyo hiyo: robo tatu ya lita kwa watoto watatu. Baba na mama wakubaliane. Kikombe hicho kisiuzwe.

Mtoto ambaye uzito wake haupandi, au miguu inavimba, au nywele zimepauka na kunyonyoka, mpeleke zahanati mara moja. Huyo anahitaji matibabu, siyo chakula cha nyumbani peke yake.

Yule mama alirudi nyumbani, akazungumza na mumewe. Mwezi uliofuata kadi ya mtoto ilionyesha mstari umepanda kidogo. Alicheka, akasema, "Daktari, sasa ng'ombe ni wa mtoto pia."

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mtoto anaweza kushiba na asikue?

2. Tui la nazi na maziwa vinatofautianaje?

3. Katika nyumba yako, nani huamua maziwa au mayai yauzwe kiasi gani? Mtoto hubakiziwa nini?